Kwanza nitajie kinyume chake

Katika masomo ya Kiingereza ninayofundisha jioni hapa Lubumbashi, Kongo, neno "hard" huingia darasani mapema kuliko mengi. Wanafunzi wanakuja nalo kutoka nje. Madereva wa malori wamelisikia Kasumbalesa, upande wa Zambia, ambako Kiingereza ndiyo lugha ya serikali. Mafundi wa migodini wamelisikia kwa wasimamizi wao. Wanafunzi wa chuo kikuu wamelisoma kwenye kompyuta. Daftari zao zote zina mstari uleule: "hard" ni "dur" ya Kifaransa, na "dur" ni ngumu. Lugha tatu, mstari mmoja, imekwisha.

Mstari huo si uongo, lakini haumsaidii mtu akitoka mlangoni. Mimi nafuata njia nyingine, na nataka kuieleza kwa kirefu kwa sababu naiamini kabisa: mwanafunzi akiniuliza maana ya kivumishi cha Kiingereza, simpi maana. Namwomba anitajie kitu kinachosifiwa, kisha tutafute pamoja kinyume cha sifa hiyo kwa kitu hicho hicho. Kinyume kikipatikana, maana imepatikana. Kikikataa kupatikana, hatujalielewa neno bado, hata kama tunaweza kulitafsiri.

Sisi wenye Kiswahili tumeandaliwa vizuri kwa kazi hii. Fungua kamusi yoyote nzuri ya Kiswahili utafute kivumishi hiki, hutakikuta kizima. Utakuta -gumu, na kistari mbele. Kistari hicho ni kama kiti kilichoachwa wazi kwa ajili ya mgeni. Ukija mti, unakuwa mgumu. Kikija kitanda, kigumu. Yakija maisha, magumu. Ikija kazi, ngumu. Mtoto wa miaka minne anajua bila kufundishwa kwamba sifa haisimami peke yake, lazima iwe ya kitu. Kweli, Kiswahili chetu cha Lubumbashi kimeziachia ngeli nyingi, na mtu akishindwa na hesabu au na kodi ya nyumba husema tu "iko nguvu." Hata hivyo, anayemsikia anajua ni nguvu ya nini, kwa sababu jambo lenyewe limetajwa sekunde moja kabla.

Kiingereza hakiandiki kistari. "Hard" huandikwa vilevile mbele ya jiwe, mbele ya swali, mbele ya pombe, mbele ya fedha na mbele ya moyo. Ninachowaomba wanafunzi wangu ni kukiandika wao wenyewe, kwa penseli, mpaka mazoea yaingie.

Huwa naanza na shaba, maana mji huu ulianzishwa kwa ajili yake mwaka 1910, miaka 4 baada ya kampuni ya Union Minière kuundwa. Kila familia hapa ina mtu aliyekula mkate wa shaba. Sasa, je, shaba ni "hard"? Mjerumani Friedrich Mohs alitunga mwaka 1812 kipimo cha ugumu wa madini, kutoka 1 hadi 10. Almasi iko juu kabisa, kwenye 10. Kwatzi iko kwenye 7. Malakaiti yetu ya kijani, ambayo wachongaji hufanyia shanga na vinyago vidogo, iko kati ya 3.5 na 4. Shaba yenyewe iko karibu na 3. Kwa kipimo hicho ni metali laini, na hapo mtu angefunga daftari.

Lakini nenda ukae na fundi wa shaba ya kufuliwa, hawa wanaotengeneza picha za akina mama wakitwanga, za vinyago na za samaki, zinazopamba sebule nyingi za mji huu. Nilikaa na mmoja mchana mzima. Alianza na bati jembamba la shaba lililonyooka, likipinda chini ya kidole gumba kama karatasi ya boksi. Alichora mistari kwa msumari butu, kisha akaanza kugonga kwa nyundo ndogo, kutoka nyuma, polepole, akiinua mashavu na mabega ya yule mama kwenye picha. Baada ya muda mlio ulibadilika. Mwanzo nyundo ilikuwa ikizama kwa sauti nzito; sasa ilikuwa ikilia juu, kama kengele, na bati likaanza kuirudisha. Fundi hakuongeza nguvu. Aliliweka bati juu ya makaa, akalipulizia mpaka likaiva wekundu uliofifia, akalimwagia maji. Likarudi kuwa laini kama mwanzo, na kazi ikaendelea.

Anayejua chuma anashangaa hapo, kwa sababu chuma cha pua kikipashwa moto mkali na kutumbukizwa majini kinakuwa kigumu. Shaba haifuati sheria hiyo. Ugumu wake unatoka kwenye kugongwa: nyundo inavuruga mpangilio wa chembe zake ndani, nazo zinaanza kuzuiana zisiteleze. Moto unaziruhusu zijipange upya, na maji ni ya kupooza tu. Kwa hiyo bati lilelile moja, siku ileile moja, lilikuwa "hard" na likawa "soft" zaidi ya mara moja. Madukani vilevile, mirija ya shaba iliyonyooka huitwa kwa Kiingereza "hard", na ile iliyoviringishwa, ambayo fundi wa friji huikunja kwa mikono, huitwa "soft". Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ameelewa kwamba shaba "hard" ni ile iliyo tabu kuchimba. Ningemweleza kwa dakika kumi asinielewe. Nilimwuliza kinyume. Akajibu "easy". Nikamwambia tafuta dukani mrija wa shaba ulio "easy". Akacheka, akafuta mwenyewe.

Hapo kuna mlango wa kwanza: "hard" ya vitu vinavyoshikika kinyume chake ni "soft", na "hard" ya mambo yanayofanywa kinyume chake ni "easy". Swali, mtihani, safari, uamuzi: "easy". Godoro, mkate wa juzi, udongo wa kiangazi: "soft". Kiswahili kina utaratibu uleule, maana -gumu inajibiwa na laini upande mmoja na rahisi upande mwingine, na kwa sababu hiyo wengi hudhani safari imeishia hapo. Ndiyo kwanza inaanza.

Chukua kazi. "Hard work" ni kazi ngumu, na kinyume chake ni kazi rahisi au nyepesi. Ongeza herufi mbili mwishoni, iwe "hard worker", mchapakazi. Kinyume chake sasa ni nani? Si mfanyakazi laini wala mfanyakazi rahisi. Ni mvivu. Sifa imebaki ileile, mzizi wa nomino umebaki uleule, lakini kinyume kimehama kabisa, kwa sababu sifa imetoka kwenye kazi ikaenda kwenye moyo wa anayeifanya. Nalitilia mkazo hili kwa sababu kila kijana anayeandika barua ya kuomba kazi mgodini analiandika neno hili kwenye mstari wa kwanza.

Jirani yake ni mtego mbaya kuliko yote katika ukoo huu. Vijana wetu wamefundishwa shuleni kwamba ukitaka kielezi cha Kiingereza, weka "-ly" mwishoni. Kwa hiyo kijana anayetaka kusema kwamba anafanya kazi kwa bidii anasema "I hardly work." Mmoja wa wanafunzi wangu alilisema mbele ya watu watatu waliokuwa wakimhoji, kwa sauti ya kujiamini, na walichosikia wao ni kwamba yeye ni nadra kufanya kazi. Alitoka pale bila kujua kilichotokea. Niliumia kwa ajili yake, kwa sababu ni kijana anayeamka saa kumi na moja kila siku ya Mungu.

Ilikuwaje neno likageuka hivyo? Zamani "hardly" lilimaanisha kwa nguvu, kisha kwa shida. Na kitu kinachofanyika kwa shida kinakaribia kutofanyika. Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo: tukisema mzee anaona kwa shida, tunamaanisha kwamba karibu haoni. Kifaransa nacho, "peine" ni taabu, na "à peine" ni kidogo sana, kwa mbali. Lugha tatu zisizo za mji mmoja zimepanda kilima kilekile. Mwanafunzi akishaona hivyo hasahau tena, kwa sababu hajakariri kanuni. Ameona sababu, na ameiona ndani ya lugha yake mwenyewe.

Sasa fedha, na hapa naomba subira, maana Katanga, eneo letu hili, ina mengi ya kusema. Waingereza husema "hard cash", na zamani walimaanisha sarafu, metali unayoweza kuigonga mezani ikalia, tofauti na karatasi na ahadi. Watu wa nchi hii walikuwa na fedha ya namna hiyo karne nyingi kabla ya benki: misalaba ya shaba, iliyoyeyushwa na kumiminwa katika umbo la X, ikasafirishwa mbali na kutumika kununulia na kulipia mahari. Katanga ilipojitangaza nchi, kati ya 1960 na 1963, misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera, na sarafu za mwaka 1961 zilibeba mchoro wa msalaba huo. Hiyo ilikuwa "hard cash" ya kugusika hasa.

Lakini "hard currency" ni jambo lingine. Hapo ugumu haugusiki. Ni fedha inayoaminika nje ya nchi yake na haipotezi thamani usiku mmoja. Kinyume chake ni "soft", na hapa "soft" haimaanishi laini bali dhaifu. Wakongo wa umri wangu hawahitaji kuelezwa udhaifu huo. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikabadilishwa kwa franka 1. Ukizidisha utaona kilichobaki kwa mama aliyeweka akiba kwenye kopo.

Ndiyo maana leo nyumba zinapangishwa kwa dola na magari yanauzwa kwa dola. Na ukitaka kuona ugumu usiogusika, simama dakika tano karibu na kambiste, mbadilisha fedha wa barabarani. Anaichukua noti ya dola 20, anaipitisha pembezoni kwa kidole gumba, upande hadi upande, kisha anaiinua juani. Akikuta mpasuko mdogo ukingoni, hata usiofika upana wa punje ya mchele, anakurudishia. Noti ya franka iliyochakaa, iliyokunjwa mara nane, anaipokea bila kuitazama. Karatasi iliyo "hard" ndiyo inayoogopwa kupasuka. Ile "soft" inavumilia kila kitu. Neno likisomwa kwa vidole halina maana yoyote hapo. Likisomwa kwa kinyume chake, linaeleweka mara moja. Kifaransa kinaziita fedha hizo "fortes", zenye nguvu, na Kiswahili chetu cha "iko nguvu" kinakubaliana nacho bila kuambiwa.

Vinywaji. "Hard drink" ni pombe kali, na tazama kwamba Kiswahili kimeiacha -gumu kikachukua -kali. Mfano wetu ni lutuku, pombe ya kukenekwa. Kinyume chake ni "soft drink". Mtu angetarajia pombe hafifu, bia nyepesi pengine. Hapana: ni kinywaji kisicho na pombe hata tone, kile ambacho sisi hukiita sikre. Bia yenyewe haipo upande wowote. Na munkoyo? Darasani kwangu munkoyo huleta mabishano kila mwaka, na mabishano hayo nayapenda kuliko zoezi lolote la kitabuni. Ukipikwa leo, wa mahindi na mizizi yake, kesho wanakunywa watoto. Uuache siku kadhaa, unachachuka, na mwenye kuuendea anajua anachoendea. Kinywaji kimoja kinatembea kutoka "soft" kuelekea upande wa pili ndani ya ndoo moja, na hakuna siku unayoweza kuweka kidole ukasema, hapa ndipo kilipovuka.

Kuna mahali ambapo kinyume ndicho kilichozaa jina. Kampuni ya IBM ilipotoa diski yake ya kwanza ya kompyuta mwaka 1956, hapakuwa na sababu ya kuiita ngumu, kwa sababu hapakuwa na diski laini ya kuilinganisha nayo. Mwaka 1971 zilikuja diski za plastiki zinazopindika, na kuanzia hapo zile za zamani zikahitaji sifa ya kuzitenga. Vijana wanaofungua kompyuta kwenye vibanda vya mjini leo wanasema "disque dur" mara ishirini kwa siku na hawajawahi kushika ile nyingine. Kinyume kimekufa, sifa imebaki. Ukiwauliza kwa nini inaitwa ngumu, wanakuambia ni kwa sababu ya ganda lake la chuma.

Mengine nayapitia haraka. Yai "hard-boiled" ndilo lile la kuchemshwa linalouzwa njiani pamoja na chumvi na pilipili; kinyume chake ni lenye kiini kinachomwagika, ambalo hakuna muuzaji wa barabarani atakayekupa. Herufi g huwa "hard" katika "go" na "soft" katika "gem". G ya Kiswahili haibadiliki. Asiyesikia vizuri ni "hard of hearing", na aliyesoma Kifaransa anakutana na "dur d'oreille", jambo moja. Sisi tunasema masikio mazito, na kinyume tunakitafuta kwenye wepesi.

Maji yanastahili mistari zaidi kidogo. Maji magumu ni yenye kalisi na magnesi nyingi, na chini ya ukanda wetu wa shaba kuna miamba mingi ya dolomia, ambayo imejaa vitu hivyo viwili. Dalili zake kila mama anazijua: sabuni inakataa kutoa povu, inaacha utando wa kijivu kwenye beseni, na birika linajenga ukoko mweupe ndani. Kwa Kiingereza kinyume ni "soft water". Kifaransa kinasema "eau douce", lakini msemo huohuo hutumika kwa maji yasiyo ya chumvi, maji ya mto na ziwa. Mwanafunzi anayetafsiri kupitia Kifaransa anaweza kuamini kwamba maji ya Ziwa Tanganyika na maji ya bahari ndiyo mjadala, kumbe mjadala ni sabuni.

Na kuna mahali ambapo "hard" limekwama kabisa, halina tena nomino wala kinyume. Ita majina ya wajomba zako. Bernard. Léonard. Gérard. Richard. Majina haya yaliletwa na wamisionari, yakabatizwa, yakapigwa marufuku mwaka 1972 wakati wa siasa ya uhalisi ya Mobutu, kisha yakarudi. Asili yake ni lugha za kale za Kijerumani, na ile sehemu ya mwisho ni neno letu lilelile, kwa maana yake ya zamani ya imara na jasiri. Bernard ni jasiri kama dubu, Léonard ni jasiri kama simba, Gérard ni imara wa mkuki, Richard ni imara wa mamlaka. Neno la Kifaransa "hardi", mwenye kuthubutu, ni la ukoo huohuo. Édouard lakini hayumo; mwisho wa jina lake ni neno lingine, lenye maana ya mlinzi. Nikilisema hili darasani, mababa wenye majina hayo hukaa wima kwenye kiti. Ni haki yao.

Naona walimu wenzangu wengi wakigawa orodha za maneno hamsini kwa wiki, neno na tafsiri, neno na tafsiri, na wanafunzi wakizikariri kwa uaminifu unaonigusa. Ningewasihi wapunguze orodha iwe ya maneno matano, na kila neno lipewe nomino zake na vinyume vyake kutoka mitaa yetu ya Lubumbashi, Kenya (mtaa, si nchi), Katuba, Kampemba, kwenye gereji na sokoni. Wiki iliyopita dereva mmoja alituletea "hard shoulder", bega la barabara lililowekwa lami, ambako lori lililoharibika hujisogeza. Darasa likatafuta kinyume, naye mwenyewe akakitoa: alama inayosema "soft shoulder", ukingo wa udongo tu, ambao ukikanyagwa masika na lori lenye tani 30 za shaba unadidimia na kulilaza ubavu. Alitueleza namna tairi za nyuma zinavyoanza kuzama kabla dereva hajahisi usukani. Hakuna aliyeandika tafsiri.

Kisha tukaanza neno la pili, "light". Dereva akasema kinyume chake ni "heavy". Mpiga picha za harusi, aliyekaa nyuma, akasema hapana, Mwalimu, ni "dark". Nikawauliza wote wawili: ya kitu gani?